Ukurasa ulipitishwa kwa kura, kisha mtu akaubadilisha: kilichopitishwa ni kipi?

*Swali: "Salaam mtaalamu. Ninajitolea kama mwanaprogramu katika kikundi cha watafsiri 40 hivi; wengine wako Dar es Salaam, wengine Nairobi na Mombasa, wawili wako Muscat. Tunakusanya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili katika wiki (tovuti ambayo kila mjumbe anaweza kuhariri kurasa zake) niliyoiandika mwenyewe, kila neno na ukurasa wake. Chini ya kila ukurasa niliweka vitufe vya Ndiyo na Hapana. Ukipata Ndiyo 3, inatokea alama ya kijani: Umepitishwa. Mwezi uliopita mjumbe mmoja aliingia kwenye ukurasa uliokwisha kupitishwa, akageuza maana nzima, na alama ya kijani ikabaki palepale. Ukazuka ugomvi. Halafu kuna kurasa zenye maneno matatu yanayoshindana na hakuna hata moja linalofika nusu. Wazee wa lugha nao wanataka kura yao ihesabiwe mbili. Sasa nimeombwa nitengeneze mfumo wa kura unaonyumbulika, kila kikundi kidogo kijiwekee masharti yake. Nimeanza kuchora ukurasa wa mipangilio na tayari una visanduku 26. Niko njia sahihi? Na kurasa 212 zilizokwisha kupitishwa nizifanyeje?"*

Ndugu yangu, hivyo visanduku 26 viweke kando kwanza. Hata ukivijenga vyote na vikafanya kazi bila hitilafu, ugomvi wa alama ya kijani utarudi, maana haukuletwa na uhaba wa mipangilio. Uliletwa na jambo dogo lililo chini kabisa, kwenye jedwali la kura: kura zako zimefungwa kwenye ukurasa, na ukurasa wa wiki hautulii.

Mwanaprogramu Ward Cunningham alipofungua wiki ya kwanza mwaka 1995, jina alilichukua katika Kihawaii, lugha ambayo "wiki" ni haraka. Alitaka anayesoma aweze kuhariri papo hapo. Idhini ina tabia nyingine kabisa. Inataka maneno yasimame yalipo. Kila anayeongeza kura kwenye wiki anawaweka nyumba moja wapangaji wawili wasiopatana, na kinachowapatanisha ni toleo. Kila mtu anapohifadhi, linazaliwa toleo lenye namba yake, na maandishi ya toleo hilo hayabadiliki tena. Basi kura ipigiwe toleo.

Tuchukue ukurasa wa "nenosiri". Toleo la 118 linasema ni maneno au tarakimu za siri anazoandika mtumiaji ili aingie kwenye akaunti yake, na mwisho linaongeza "pia: nywila". Wajumbe watatu wanalisoma na kulipitisha. Toleo la 119, mtu anaweka nukta iliyosahaulika. Toleo la 120, mwingine anafuta "pia: nywila", na hapo nusu ya watu wa Nairobi wanasimama kupinga. Katika mfumo wako wa sasa matoleo yote matatu yanang'aa kijani. Kura zikifungwa kwenye toleo, juu ya ukurasa panasomeka hivi: "Toleo la 118 lilipitishwa kwa kura 3. Tangu hapo kuna mabadiliko 2 yasiyopigiwa kura. Tazama tofauti." Utepe huo ungewaepusha na ugomvi wenu wa mwezi uliopita, kwa sababu aliyegeuza maana angeonekana amegeuza, na waliopiga kura wasingeonekana wameidhinisha wasichokisoma.

Linakuja swali la pili: msomaji wa kawaida aonyeshwe lipi, la 118 au la 120? Wikipedia ya Kijerumani tangu Mei 2008 inatumia kiendelezi (programu ya nyongeza) cha MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, kiitwacho FlaggedRevs. Humo mgeni asiyeingia kwa akaunti huonyeshwa toleo la mwisho lililokaguliwa, na mabadiliko mapya yanasubiri mkaguzi. Ni njia safi, ila gharama yake ni foleni. Ili foleni isiwe ndefu kupita kiasi, mhariri anayeaminika akihariri juu ya toleo lililokwisha kukaguliwa, kazi yake huhesabiwa imekaguliwa palepale. Nyinyi ni watu 40 wa kujitolea, na foleni itawaua kabla ya mwaka kuisha. Mimi ningeonyesha toleo jipya pamoja na ule utepe, lakini faili ya istilahi inayotoka nje ya wiki, ile wanayoichukua watafsiri kuipakia kwenye programu zao, ingebeba matoleo yaliyopitishwa tu.

Na ile nukta ya toleo la 119? Je, idhini ianguke kwa sababu ya nukta? Wengi huweka kisanduku cha "mabadiliko madogo". Mhariri akikitia tiki, kura zinahamia toleo jipya. Usifanye hivyo. Anayetia tiki ni yuleyule anayebadilisha, na hapo umemkabidhi fisi bucha. Mpelekee arifa kila mmoja wa wale watatu waliopitisha, pamoja na tofauti iliyopakwa rangi na kitufe cha "Bado ninakubali". Mmoja wao akibonyeza, idhini inahamia la 119, na kumbukumbu inaonyesha nani aliihamisha. Kazi ya sekunde tano kwa mtu mmoja.

Kuna mitego miwili ambayo huenda hujaiona. Wa kwanza ni vigezo, yaani vipande vya maandishi vinavyotumika kwenye kurasa nyingi kwa pamoja. Kama kurasa zako zinavuta kipande cha maandishi kutoka ukurasa mwingine, mtu anaweza kubadilisha kipande hicho na kurasa hamsini zikasomeka tofauti, huku namba za matoleo yake hazijasogea hata moja. Maana ya neno isikae ndani ya kigezo, ikae kwenye ukurasa wenyewe. Vigezo viachie mapambo. Mtego wa pili ni saa. Mjumbe anafungua toleo la 118 saa nne kamili, anasoma, anapigiwa simu. Saa nne na dakika saba mwenzake anahifadhi la 119. Saa nne na robo yule wa kwanza anarudi, anabonyeza Ndiyo. Kura yake ni ya 118, kwa sababu ndilo alilolisoma. Kwa hiyo fomu yenyewe ibebe namba 118 ndani yake. Seva ikijiuliza "toleo jipya ni lipi sasa hivi?" wakati wa kupokea kura, itamwandikia mtu kura ya kitu asichokiona. Mwambie tu: "Kura yako ya toleo la 118 imepokelewa, lakini sasa kuna la 119," basi.

Hapa nikuonyeshe kovu langu. Miaka ya nyuma nilijenga kura katika wiki ya taratibu za kazi ya ofisi moja, nikahifadhi idadi tu: Ndiyo 7, Hapana 2. Kila kura ikija, naongeza moja. Baada ya miezi wakaamua kwamba kura za wafanyakazi wa muda zisihesabiwe. Sikuwa na cha kuwapa. Saba ilikuwa saba, haina majina wala tarehe. Tangu siku hiyo sihifadhi jumla hata kidogo. Kila kura ni mstari wake: nani, toleo namba ngapi, swali gani, amechagua nini, lini, na sababu kama ameitoa. Akibadili mawazo, ule mstari wa zamani haufutwi. Unaongezwa mpya na hesabu inachukua wa mwisho. Akijiondoa, huo nao ni mstari. Alama ya kijani haihifadhiwi popote. Inakokotolewa kutoka kwenye mistari hiyo kila inapohitajika, kwa kanuni inayokaa mahali pengine kabisa. Unyumbufu ulioombwa unatoka hapo: kura zikiwa mbichi, kanuni yoyote unaweza kuzipitishia, hata ambayo hamjaifikiria leo.

Tuje kwenye kanuni yenyewe, na samahani, nina habari mbaya. Kwa jinsi ulivyoeleza, ukurasa wenye Ndiyo 3 na Hapana 9 nao unang'aa kijani, kwa sababu programu yako inahesabu Ndiyo peke yake. Pengine haijatokea bado. Itatokea.

Watu wengi wakigundua hilo hukimbilia akidi: wajumbe 10 wapige kura kwanza, na Ndiyo ziwe zaidi ya nusu. Inasikika vizuri, ni lugha ya vikao tuliyoizoea. Sasa piga hesabu. Wamepiga watu 9, wote Ndiyo. Mimi ninapinga. Nikipiga Hapana, tunakuwa 10, akidi imetimia, na hoja inapita 9 kwa 1. Nikikaa kimya, haipiti. Kanuni imenifundisha kwamba silaha ya mpinzani ni kutokupiga kura. Badala ya akidi ya wapiga kura, weka kiwango cha chini cha Ndiyo pamoja na uwiano wake kwa Hapana. Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia programu huria, wanapotoa toleo la programu, wanadai angalau kura 3 za kuunga mkono kutoka kwa wenye haki, ziwe nyingi kuliko za kupinga, na kwa kawaida kura ikae wazi angalau saa 72 ili watu wa kila pembe ya dunia waamke na kulala. Kanuni nzima ni sentensi moja, na mpinzani haongezi chochote kwa hoja kwa kujitokeza. Wajumbe wenu wa Muscat wamepishana nanyi saa moja tu, hivyo saa 72 si kwa ajili yao. Ni kwa ajili ya mwalimu anayeingia mtandaoni Jumamosi peke yake.

Haohao Apache wana kura ya turufu katika mabadiliko ya msimbo (maandishi ya programu): mtu mmoja mwenye haki akisema hapana, mabadiliko yanasimama, mradi atoe sababu ya kiufundi. Sababu ndiyo kila kitu. Ukiwapa watu turufu, kisanduku cha sababu kiwe cha lazima, na aliyezuia atajwe.

Maneno matatu yanayoshindana ni jambo jingine. Hapo watu hawaidhinishi maandishi, wanachagua, na vitufe vya Ndiyo na Hapana havifai. Tuseme mnatafuta neno la ile kompyuta bapa ya kugusa kwa kidole: kishikwambi, tableti, au kompyuta kibao. Mfano huu ni wa kubuni. Watu 20, kila mmoja na kura moja: kishikwambi 8, tableti 7, kompyuta kibao 5. Hakuna aliyefika nusu, na ukimtangaza wa kwanza, watu 12 watasema hatukulichagua. Sasa uliza swali jingine: "Tia tiki kila neno unaloweza kuishi nalo." Wale 8 wa kishikwambi, 5 kati yao wanaikubali pia kompyuta kibao, na mmoja anaikubali tableti. Wale 7 wa tableti, 6 wanaikubali kompyuta kibao. Wale 5 wa mwisho, 4 wanakikubali kishikwambi. Jumla: kompyuta kibao 16, kishikwambi 12, tableti 8. Lililokuwa la mwisho limekuwa la kwanza, na watu 16 kati ya 20 wanaweza kulitumia bila kununa.

Njia hii ilipata nadharia yake kamili kwa wanazuoni Steven Brams na Peter Fishburn, katika makala yao ya mwaka 1978. Mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, Marekani, uliipitisha mwaka 2018 kwa chaguzi zake na ukaitumia tangu 2020, hadi jimbo lilipoipiga marufuku mwaka 2025. Udhaifu wake usifichwe. Haijui nani analipenda neno sana na nani analivumilia tu. Na watu wakishindana kwa hasira, kila mmoja atatia tiki moja, la kwake, na mtarudi mlipoanza. Kwa istilahi inafaa sana, kwani neno la kamusi halihitaji kupendwa na mtu yeyote, linahitaji kutumika. Kwa kuchagua mwenyekiti ningefikiri mara mbili.

Upande wa msimbo angalia mambo mawili. Asilimia igawanywe kwa idadi ya watu, si ya tiki: hapo juu ni 16 kwa 20, asilimia 80. Ukigawa kwa tiki zote 36 utapata 44 na neno lako halitapita kamwe, na utakesha ukitafuta kosa. La pili ni neno linaloongezwa katikati. Mtu akileta neno la nne siku ya tatu, waliokwisha kupiga kura hawakulikataa, hawakuliona. Kila kura ihifadhi pia orodha ya maneno iliyokuwa mbele ya mpigaji, na likiingia jipya wapelekewe arifa na muda uongezwe. Au funga orodha kura inapoanza. Mimi ningefunga.

Wazee wa lugha na kura mbili: usikubali, lakini usiwapuuze. Kura ya mzee ikiwa na uzito wa mbili, vijana wawili wasiojua ngeli wanamfikia, na utaalamu wake umegeuka kuwa hesabu ya sokoni. Wanachokitaka, nadhani, ni kwamba neno lisipite bila mjuzi wa lugha kulitazama. Basi liwe sharti: Ndiyo 3, na angalau 1 itoke kwa kundi la lugha. Gerrit, programu ya kukagua msimbo iliyozaliwa katika kazi ya Android, inafikiri hivyo. Humo wakaguzi hutoa alama, na kwa mipangilio yake ya kawaida +2 ndiyo inayofungua mlango, na +1 mbili hazijumlishwi zikawa +2, hata ziwe kumi. Waeleze wazee namna hiyo na huenda wakaona wamepata zaidi ya walichoomba. Mwandishi wa toleo naye asihesabiwe kati ya watatu.

Kuhusu siri nitasema kwa ufupi. Kura za kupitisha maandishi ziwe wazi kwa majina, maana sababu zake ni sehemu ya kazi. Kura za kuchagua watu ziwe za siri. Ila hata zikiwa wazi, ficha matokeo mpaka mtu apige yake. Akishaona Ndiyo 5, wa sita hasomi tena, anafuata mkumbo.

Sasa ukurasa wa mipangilio. Utengenezee vikundi kanuni tatu zilizokamilika, zenye majina ya kawaida: "Idhini ya wenzako" (Ndiyo 3, ziwe nyingi kuliko Hapana, saa 72), "Idhini na mjuzi" (hiyohiyo pamoja na sharti la kundi la lugha), na "Kuchagua neno" (tiki nyingi, linapita lenye tiki nyingi zaidi likiwa na nusu ya wapigaji au zaidi). Wabadilishe namba tu ndani yake. Kikundi kikidai kanuni ya nne, kaa nacho, na kama kweli inahitajika, iandike. Kanuni nayo iwe na toleo: kura iliyofunguliwa Jumatatu ihesabiwe kwa kanuni ya Jumatatu, hata wakibadilisha Jumatano. Na acha pengo ambalo mashine haiamui. Wikipedia ya Kiingereza katika maombi ya wakabidhi (wahariri wanaopewa mamlaka ya kusimamia tovuti), tangu 2015, wanaopata kati ya asilimia 65 na 75 hivi wanaamuliwa na watu baada ya kusoma hoja, si kwa kukokotoa. Ninyi mnaweza kusema Ndiyo 5 kwa Hapana 4 ipelekwe kwenye mjadala, isipakwe rangi yoyote.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Kama kikundi kimesajiliwa na mnataka kura hizi ziamue fedha au uongozi, chukua katiba yenu, nenda ukae na mwanasheria kabla hujaandika mstari wa msimbo. Akidi ya kikao huenda imeandikwa humo na programu haiwezi kuifuta. Siku mtakapoingia istilahi za dawa na vipimo vyake, kura za watafsiri pekee hazitoshi, lazima mfamasia au daktari aketi mezani. Na kama ukurasa mmoja umekwisha kupigiwa kura na kurudishwa mara tatu, hao watu wawili wapigiane simu au wakutane. Hakuna kitufe cha jambo hilo.

Zilizobaki ni kurasa 212. Usizifute alama wala usiziache. Kama jedwali lako la zamani lina tarehe na saa ya kila kura, tafuta katika historia ya ukurasa ni toleo gani lilikuwa juu saa ile, uifunge kura kwenye toleo hilo. Fanya kazi hii kwenye nakala ya hifadhidata, na kama hujawahi kuhamisha data ya mfumo unaotumika, mwite mwenzako mwenye uzoefu akae kando yako jioni hiyo moja. Utapata mafungu matatu: kurasa ambazo hazijaguswa tangu kura ya tatu, hizo zinabaki kijani, zilizoguswa baadaye, hizo zinapata utepe wa "toleo la zamani lilipitishwa", na zile ambazo kura tatu zilipigiwa matoleo tofauti, kwa hiyo hakuna toleo hata moja lililowahi kufikisha tatu. Fungu hilo la mwisho lichapishe, ulipeleke kikaoni kabla mtu mwingine hajaligundua.